Mfalme George V, baharia aliyevikusanya visiwa ndani ya albamu za stempu

Kibumba haina bahari. Ni ardhi ya mawe ya volkano kaskazini mwa Goma, kando ya barabara ya Rutshuru, mlima Nyiragongo ukiwa upande mmoja na Mikeno upande mwingine. Ukielekea mashariki hufiki mbali kabla ya kukutana na mpaka wa Rwanda.

Mpaka huo ulikubaliwa mjini Brussels Mei 14, 1910, mezani wakiwa Wabelgiji, Wajerumani na Waingereza. Kibumba ikaangukia upande wa Kongo. Kisiwa cha Idjwi, ndani ya Ziwa Kivu, nacho kikawa cha Kongo. Wenyeji wa milima hii hawakuulizwa.

Uingereza wakati huo ilikuwa na mfalme mpya kabisa. George V alikuwa amerithi kiti cha baba yake Mei 6, siku nane tu kabla ya saini hizo. Mambo ya ramani na mipaka aliwaachia mawaziri wake. Kazi aliyoipenda kuifanya kwa mkono wake mwenyewe ilikuwa nyingine: kukusanya stempu za himaya yake, himaya iliyokuwa na visiwa katika kila bahari.

Wengi Afrika Mashariki wanamkumbuka kwa sura yake tu, yule mzee mwenye ndevu zilizochongwa vizuri kwenye sarafu za zamani ambazo babu zao walizifungia kwenye mikebe. Wachache wanajua kwamba mtu huyo alikuwa mmoja wa wakusanyaji wakubwa wa stempu waliowahi kuishi, na kwamba mapenzi hayo yalianza kabla hajatarajiwa kabisa kuwa mfalme.

Alizaliwa London Juni 3, 1865, mtoto wa pili wa kiume wa mfalme mtarajiwa Edward na mkewe Alexandra. Kiti kilikuwa cha kaka yake, Albert Victor. George akapelekwa jeshi la majini akiwa na umri wa miaka 12, na kati ya 1879 na 1882 yeye na kaka yake walizunguka dunia kwenye meli iitwayo Bacchante. Walipita visiwa vya Karibiani, Afrika Kusini, Australia, Fiji, Japani, Singapore na Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka. Japani alichorwa joka kwenye mkono, kama mabaharia wengine wa umri wake.

Maisha ya meli yalimfaa. Alipenda ratiba, usafi na kila kitu kiwekwe mahali pake. Hakuwa msomaji mkubwa wa vitabu wala mzungumzaji mzuri, na lugha za kigeni zilimshinda. Stempu zilimpa kitu ambacho mtu wa tabia hiyo anakitafuta: dunia nzima iliyokatwa vipande vidogo vinavyopangika kwenye mistari.

Aliyemwingiza huko ni baba yake mdogo, Alfred, Mtawala wa Edinburgh, naye pia mwanamaji na mkusanyaji. Baadaye Alfred aliuza mkusanyiko wake kwa kaka yake Edward, na Edward akampa mwanawe George. Kwa hiyo George alipata albamu ambazo mkusanyaji wa kawaida angehitaji maisha yake yote kuzijaza.

Januari 1892 Albert Victor akafa kwa homa ya mafua, akiwa ndiyo kwanza amechumbia. George akawa mrithi. Julai 6, 1893 akamwoa Mary wa Teck, yule yule aliyekuwa mchumba wa marehemu kaka yake. Ndoa iliyoanzia kwenye msiba ikadumu hadi kifo chake. Mwaka huo huo Chama cha Wakusanyaji Stempu cha London kilimpokea kama makamu wa rais wa heshima, na wanachama wakampa zawadi ya harusi inayowafaa watu wa aina yao: albamu yenye stempu karibu 1,500. Mwaka 1896 akawa rais wa chama hicho, na akakiongoza hadi alipoingia kwenye ufalme.

Hakuwa rais wa jina. Mwaka 1904 alisimama mbele ya wanachama akasoma makala yake mwenyewe kuhusu stempu za Uingereza za wakati wa baba yake. Mwandishi wa wasifu wake rasmi, Harold Nicolson, alikuja kulalamika faraghani kwamba kwa miaka mingi ya utu uzima wake mwanamfalme huyo hakuwa na lolote la kuandikwa zaidi ya kuua wanyama kwa bunduki na kubandika stempu. Lalamiko hilo ni la mwandishi aliyekosa matukio ya kujaza kurasa. Kwa wenye mapenzi ya stempu, miaka hiyo ndiyo iliyokuwa na matukio.

Alijiwekea mpaka mapema: stempu za Uingereza na za makoloni yake tu. Ulikuwa uamuzi wa busara, kwa sababu asiyejiwekea mpaka katika kazi hii huzama. Lakini ulimpeleka moja kwa moja kwenye visiwa. Mtakatifu Helena, Falkland, Shelisheli, Fiji, Cayman, Bermuda, Malta, Kipro. Maldivi ilipata stempu zake za kwanza 1906, zikiwa ni za Ceylon zilizogongwa jina jipya juu. Visiwa vya Gilbert na Ellice, ambavyo leo ni nchi mbili, Kiribati na Tuvalu, vilipata zao Januari 1911. Kisiwa cha Ascension, mwamba katikati ya Atlantiki, kikazipata 1922.

Stempu za visiwa zina mvuto wake, na sababu si ngumu kuielewa. Watu ni wachache, barua ni chache, kwa hiyo stempu zinazochapishwa ni chache. Shehena ikichelewa melini, posta ya kisiwani hulazimika kukata stempu vipande viwili au kugonga bei mpya juu ya ile ya zamani ili watu waendelee kutuma barua. Kisha unyevu wa bahari huharibu gundi, na wadudu hula karatasi. Inayofika kwenye albamu ikiwa salama imeponea chupuchupu. Serikali za visiwa nazo ziligundua mapema kwamba stempu iliyonunuliwa na mkusanyaji wa mbali haimgharimu posta kubeba barua yoyote. Fedha inaingia, kazi haifanyiki.

Kati ya zote hizo, Morisi ndiyo iliyokuwa na hazina ambayo kila mkusanyaji aliiota.

Septemba 21, 1847 posta ya Port Louis ilitoa stempu mbili zenye sura ya Malkia Victoria, ya peni moja yenye rangi ya chungwa iliyokolea na ya peni mbili ya buluu. Hazikuchapishwa London. Zilichongwa kisiwani na Joseph Osmond Barnard, mchongaji, kwenye bamba moja dogo la shaba, kisha zikapigwa chapa moja baada ya nyingine, 500 za kila aina. Zilikuwa za kwanza kutengenezwa katika koloni la Uingereza. Baadhi ya zile za peni moja zilibandikwa kwenye bahasha za mwaliko wa dansi ya mke wa gavana, Lady Gomm. Ubavuni Barnard aliandika maneno yenye maana ya ofisi ya posta, na mwaka uliofuata chapa mpya ikatoka na maneno tofauti, yenye maana kwamba ada imelipwa. Hapo ndipo ikazaliwa hadithi kwamba Barnard alisahau alichoagizwa akakosea. Ni hadithi tamu, lakini haina ushahidi.

Kati ya zile 1,000 zimebaki zisizofika 30 duniani.

George alifika Morisi mwenyewe Agosti 1901, katika safari ndefu ya meli Ophir iliyompeleka yeye na mkewe Australia, New Zealand, Afrika Kusini na Kanada. Miaka miwili na ushee baadaye, Januari 1904, stempu ya peni mbili ya buluu isiyowahi kutumika iliwekwa kwenye mnada London. Mwenyewe alikuwa mtumishi wa serikali aliyeikuta ndani ya albamu yake ya utotoni, ambako ilikuwa imelala miaka na miaka. Nyundo ilipogonga, bei ilikuwa pauni 1,450. Hakuna stempu moja iliyokuwa imefikia bei hiyo.

Jina la mnunuzi halikutangazwa. Inasimuliwa kwamba mmoja wa wasaidizi wa jumba la kifalme alimuuliza mwanamfalme kama amesikia kuwa kuna mpumbavu fulani aliyelipa pauni 1,450 kwa kipande cha karatasi. George akamjibu kwa utulivu kwamba mpumbavu huyo ni yeye.

Alipoingia kwenye ufalme 1910 hali ilibadilika kwa namna ya ajabu kidogo. Sasa stempu alizokuwa akizitafuta zilikuwa na sura yake. Kiwanda cha De La Rue cha London kilichonga kichwa chake mara moja, kisha kichwa hicho hicho kikatumika kwa koloni baada ya koloni, kilichobadilika kikiwa ni jina la nchi na bei tu. Mtu wa Shelisheli na mtu wa Mtakatifu Helena walilamba mfalme mmoja. Michoro ya majaribio na chapa za kwanza, vitu ambavyo mkusanyaji wa kawaida havioni, vilimfikia mezani. Hata hivyo hakuwa na bahati na zake za nyumbani: stempu za kwanza za Uingereza zenye sura yake, zilizotoka siku ya kutawazwa kwake Juni 22, 1911, zilikosolewa vikali kwa ubaya wa picha, naye hakuzipenda. Zikaondolewa haraka.

Zanzibar ilikuwa tofauti. Ingawa ilikuwa chini ya ulinzi wa Waingereza, stempu zake za kawaida ziliendelea kubeba sura ya sultani, kwanza Ali bin Hamud na kuanzia 1913 Khalifa bin Harub. Katika visiwa vya Waswahili, hapo mfalme wa London hakuwekwa kwenye bahasha.

Lakini kwenye kisiwa kingine cha Waswahili aliwekwa, kwa herufi mbili.

Vita vya kwanza vya dunia vilipozuka 1914, George alijikuta akipigana na binamu yake wa damu. Yeye na Kaiser Wilhelm wa Ujerumani walikuwa wajukuu wa bibi mmoja, Malkia Victoria. Januari 1915 askari wa King's African Rifles waliiteka Mafia kutoka kwa Wajerumani, ili Waingereza wapate mahali pa kuiwindia meli ya kivita Königsberg iliyokuwa imejificha kwenye delta ya Rufiji. Kwenye posta ya kisiwa zilikutwa stempu za Afrika Mashariki ya Kijerumani, zenye picha ya meli ya fahari ya Kaiser, Hohenzollern. Maafisa wakachukua muhuri wakagonga juu ya meli hiyo neno Mafia na herufi G.R., kifupi cha Mfalme George kwa Kilatini. Jina la binamu mmoja likapigwa juu ya chombo cha binamu mwingine, kwenye kisiwa cha wavuvi na wakulima wa minazi.

Königsberg iliangamizwa Julai 1915. Stempu za Mafia, kwa uchache wake, zikapanda thamani hadi matapeli wakaanza kugonga mihuri ya uongo. Mpaka leo mnunuzi makini haziamini bila kuzipeleka kwa mtaalamu.

Upande wa Kivu mambo yalikwenda vivyo hivyo. Wajerumani waliiteka Idjwi Septemba 1914. Mwaka 1916 majeshi ya Wabelgiji yakakusanyika kaskazini mwa ziwa, katika nchi hii hii ya Kibati na Kibumba, kisha yakaingia Rwanda. Kigali ikatekwa Mei, Tabora Septemba. Wabelgiji nao wakagonga stempu zao za Kongo kwa maneno Ruanda na Urundi. Mizigo ya jeshi hilo ilibebwa kwa vichwa, na kati ya waliobeba walikuwamo maelfu ya wapagazi waliotolewa Uganda na serikali ya Mfalme George, kikosi kilichojulikana kama Carbel. Walivuka kuja upande huu wa milima kumsaidia mfalme wa watu wengine katika vita ambavyo hata cha wao wenyewe hakikuwa chao.

Kwa upande wa Waingereza peke yake, hesabu rasmi ya wapagazi waliokufa Afrika Mashariki ilipita 40,000, na wanahistoria wengi huitaja idadi inayokaribia 100,000. Wengi hawakufa kwa risasi. Waliuawa na njaa, kuhara na malaria. Kikosi chao, Carrier Corps, ndicho kilichoacha jina Kariakoo Dar es Salaam na Kariakor Nairobi. Stempu za vita hivyo zina majina ya maeneo na herufi za mfalme. Jina la mpagazi halimo hata moja.

Vita vilimgharimu George pia, kwa namna ya watu wa ngazi yake. Mwaka 1917 alikubali jina la ukoo wake wa Kijerumani lifutwe na familia iitwe Windsor. Mwaka huo huo alizuia binamu yake mwingine, Tsar Nicholas wa Urusi, asipewe hifadhi Uingereza, akihofia hasira ya wananchi wake. Nicholas, mkewe na watoto wao waliuawa 1918. Wawili hao walifanana kama mapacha. Januari 1919 mwanawe wa mwisho, John, aliyekuwa na kifafa na aliyelelewa mbali na macho ya watu, akafa akiwa na miaka 13.

Katika miaka hiyo albamu zilizidi kuwa kimbilio. Tangu 1913 mkusanyiko ulikuwa mikononi mwa mtaalamu Edward Denny Bacon, na inaelezwa kwamba mfalme akiwa London alikaa naye alasiri tatu kwa wiki. Watumishi walijua kutomsumbua muda huo. Kurasa zikajaza albamu nyekundu 328, kila moja ikiwa na kurasa 60.

Kitu kimoja kikubwa cha himaya yake hakikuingia humo: ile stempu pekee ya senti moja ya Guyana ya Uingereza. Ilipouzwa Paris 1922, Mmarekani tajiri Arthur Hind ndiye aliyeondoka nayo. Mwaka huo huo Kenya na Uganda zilitoa stempu zenye kichwa chake ambazo bei yake ilifika hadi pauni 100, kiasi ambacho hakuna barua iliyowahi kukihitaji. Zilikuwa kwa ajili ya kodi na hati za serikali. Mwenye kutuma salamu kwa ndugu alitumia ya senti chache.

Novemba 1928 aliugua vibaya, sumu ikaingia kwenye damu. Mrithi wake, Edward, alikuwa Tanganyika akiwinda. Simu za maandishi zilimkuta Dodoma, akashuka kwa treni hadi Dar es Salaam, na meli ya kivita ikamkimbiza kuelekea Ulaya. Mzee akapona, lakini hakurudi kuwa yule wa zamani. Krismasi ya 1932 sauti yake ilisikika redioni kwa mara ya kwanza katika visiwa ambavyo kwa miaka 40 alikuwa amevijua zaidi kwa karatasi.

Mwaka 1935 alitimiza miaka 25 kitini. Makoloni kwa makumi yalitoa stempu za sherehe zenye mchoro mmoja, Kasri la Windsor, Morisi na Shelisheli zikiwamo. Kenya, Uganda na Tanganyika zilitoa zao kwa pamoja. Mwaka huo huo nchi hizo tatu zilipata pia stempu mpya za kila siku ambazo bado wakusanyaji wanazipenda: korongo wenye taji, jahazi la Ziwa Victoria, simba, Kilimanjaro, daraja la reli juu ya Nile. Mfalme alikuwa kwenye kona ya picha, amepungua ukubwa.

Alifariki Sandringham Januari 20, 1936, akiwa na miaka 70. Nusu karne baadaye ikafahamika kwamba daktari wake, Lord Dawson, alimdunga sindano za kuharakisha mwisho.

Mwanawe Edward alirithi stempu pamoja na ufalme, akauacha ufalme kabla mwaka haujaisha. Albamu zikapita kwa George VI, kisha kwa Malkia Elizabeth, na sasa ni za Mfalme Charles. Ile ya peni mbili ya buluu imo bado ndani ya zile nyekundu.

Morisi yenyewe ilifika uhuru wake 1968 ikiwa haina hata nakala moja ya kuionyesha dunia ya stempu zilizoipa jina. Mwaka 1993 benki na makampuni ya kisiwani yalichanga fedha, karibu dola milioni 2, yakanunua jozi: ya peni moja na ya peni mbili. Tangu 2001 zipo kwenye makumbusho ya Blue Penny, Port Louis. Mgeni akifika muda mwingi huona nakala za kuigiza. Taa ya zile halisi huwashwa dakika chache tu kila saa, ili rangi aliyoichanganya Barnard isipauke.